Pointi za Kulala Angani

Jumatatu, 3 Machi
Binti yetu kajifungua huko ng'ambo anakoishi na mumewe. Mtoto wa kiume, mjukuu wetu wa kwanza. Mke wangu amelia, amecheka, kisha akaniuliza tunaondoka lini. Nikafungua simu. Miaka tisa nimesafiri kuuza pampu za maji za kampuni, na pointi ninazopewa na shirika la ndege kwa kila safari zinatosha tiketi mbili, kwenda na kurudi. Daraja la kawaida, lakini. Nikamwambia asubiri. Zikiongezeka kidogo tu tutapanda daraja la biashara, kwenye viti vinavyogeuka vitanda. Akasema kitanda anacho, tena kiko chumbani. Anachotaka ni mjukuu. Mke wangu haoni mbali.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, kaka yake mke wangu, alikuja kutupongeza. Huyu ni mtumiaji. Akipata pointi za safari moja anazitumia, anabaki mtupu kama debe. Akanishauri nikate tiketi leo leo. Pointi si mbuzi, alisema, ukiziweka hazizai. Nilimhurumia. Mwaka juzi kiti chake kilivunjika, wakamhamishia daraja la biashara, na mpaka leo anatusimulia blanketi. Sasa mimi nisafiri nimekunja magoti ili apate la kusema? Haiwezekani.

Jumatano, 5 Machi
Mpango. Inatakiwa safari moja tu ya kazi, fupi. Nimemwambia bosi kuwa mteja wetu wa kaskazini, mwenye shamba la mboga, analalamika pampu inakohoa. Lazima nipande ndege nikaione. Bosi akasema sawa, niende na fundi. Kwa pikapu ya ofisi, maana kuna mabomba ya kupeleka.

Alhamisi, 6 Machi
Kutwa nzima barabarani, bomba limenilalia mapajani. Mteja alishangaa kutuona. Pampu yake, alisema, haijawahi kufanya kazi vizuri kama sasa. Fundi akanitazama. Nikaizunguka pampu, nikaigongagonga, nikasema tumewahi. Pointi nilizopata: hakuna.

Jumatatu, 10 Machi
Barua pepe kutoka shirika la ndege, ina picha ya mwanamke anayetabasamu. Ili kunihudumia vizuri zaidi, wanasema, tiketi za pointi zimepanda bei kuanzia leo. Sijapoteza hata pointi moja. Zipo zote. Ila jana zilikuwa tiketi mbili, leo ni tiketi moja, ya kwenda tu.

Nikapiga simu. Dada wa huduma kwa wateja, mpole sana, akanieleza kuwa pointi si pesa, ni shukrani ya shirika, na shirika ndilo hupanga kiasi cha kushukuru. Nikamuuliza hilo limeandikwa wapi.

"Pale ulipoweka alama ya kukubali, mzee wangu."

Akaniambia nisivunjike moyo, kuna duka lao ambako pointi hununua sanduku la safari, pasi au blenda. Miaka tisa angani, blenda.

Sikumwambia mke wangu. Alijua mwenyewe, kwa jinsi nilivyosifia chakula.

Jumatano, 12 Machi
Mke wangu amenunua tiketi kwa pesa zake za cherehani. Daraja la kawaida, jirani na choo. Shemeji anamsindikiza. Kumbe alikata yake kwa pointi Jumanne ile ile, alipotoka kwetu. Nikamuuliza mke wangu mbona hakuniambia kuwa mambo ni ya haraka hivyo.

"Nilikuambia, baba watoto. Wewe ulikuwa unanieleza habari za kitanda."

Uwanjani jioni nilimwomba yule wa kaunta aandike namba yangu ya uanachama kwenye tiketi ya mke wangu, ili safari isipotee bure. Akasema pointi ni za anayepanda ndege. Watu waliokuwa nyuma yangu wakaguna. Wasafiri wangu walipofika mlango wa ukaguzi, shemeji alinipungia mkono. Mke wangu hakugeuka. Nadhani alikuwa anatafuta pasipoti.

Jumapili, 16 Machi
Nyumba ni kimya. Nimekula mkate na chai asubuhi, mchana tena. Wametuma picha: mjukuu kalala kifuani kwa shemeji, mdomo wazi. Nikaikuza. Masikio ni yangu, hakuna ubishi. Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

Jioni binti yangu akapiga. Aliuliza nitakwenda lini kumwona mtoto. Nikamweleza ukweli: tiketi moja ya kwenda ninayo, ningeweza kuondoka hata kesho, na ya kurudi ningenunua mdogo mdogo. Lakini kuitumia sasa ni kuharibu. Avumilie. Nikikusanya bila papara, mtoto akianza shule nitakuwa nimefikisha za daraja la biashara, nitakwenda nimelala chali.

Simu ikakatika. Mtandao wa huko nao si mzuri.