Anayeonja Mshahara Wangu Kabla Yangu

Ghala la Mahindi,
Benaco, Ngara.
Machi 1995

Kwa Bi. Asmaa Hatibu, Mhasibu wa shirika letu,

Shikamoo, mama. Mimi ni Pancras Malongo wa Mugoma, mpimaji wa mahindi ya wakimbizi hapa ghalani, yule mrefu anayecheka ovyo. Leo sicheki. Au nacheka kidogo tu, kwa adabu.

Naishtaki kodi ya mapato. Ulinieleza vizuri dirishani, wala hukuchoka: kwamba wewe huli hata senti, kwamba sheria inamwagiza mwajiri akate kodi ya mfanyakazi kila mwezi kabla ya kumlipa, aipeleke Serikalini. Nilielewa. Kuelewa ndiko kulikonizidishia uchungu.

1. Kwetu ukipika rubisi, mgeni hashiki mrija kabla mwenye pombe hajaonja, hata awe padre. Huyu mgeni wenu anaonja kwanza, mimi naletewa mtungi uliokwishapungua. Adabu gani hiyo?

2. Mimi nikichota kopo moja la mahindi ya mkimbizi kabla hajakinga gunia lake, jioni hiyohiyo nimefukuzwa, na ni haki. Mbona yangu yakichotwa napewa karatasi ya kunieleza kwamba yamechotwa vizuri?

3. Mwezi ule malori yalipofuatana kama siafu, nilifanya kazi za ziada mpaka mgongo ukagoma. Mshahara ukapanda, naye akazidisha mkono! Ukasema ndivyo jedwali lilivyo, apataye zaidi hukatwa zaidi. Haya. Lakini kuja kunikanda mgongo hakuja.

4. Hapa ndipo penye moto. Nilipoposa kwa Mzee Kwandu kule Murusagamba, mshenga wangu aliisoma barua yangu ya ajira mbele ya ukoo mzima, akautangaza mshahara kwa sauti ya mahubiri. Mama, barua ile ilitaja mshahara mzima, ule wa kabla ya kukatwa! Vigelegele vikapigwa, wakakubali ng'ombe mmoja wa mahari nimlete baadaye. Tangu hapo kila mwezi naleta nyumbani pungufu, na ng'ombe haonekani. Mkwe ameamua kwamba nina nyumba ndogo hapa kambini, ndiyo inayokula tofauti. Juzi kaja kumchukua mke wangu Jovina, na sufuria zake, na ile kanga niliyomnunulia Krismasi. Nampenda Jovina, mama. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo.

5. Kwa kuwa anayekula nami ni ndugu yangu, naomba Serikali ije Murusagamba kindugu. Ije na mtungi wa rubisi, ionje kwanza kama desturi, iketi chini, ikiri mbele ya mkwe kwamba nyumba ndogo ya Pancras ni yenyewe. Nauli nitachangia. Na siku tukifiwa, ije kuchimba kaburi kama wanaukoo wengine.

Wasalimie wote hapo dirishani, na dereva Taufiki, na hata huyo muonjaji. Mwambie sina kinyongo naye, ninachotaka ni mke wangu.

Ni mimi, mwenye adabu na njaa,
Pancras Malongo

N.B. Kabla sijafunga bahasha nimekwenda Murusagamba na ile karatasi ya mshahara. Nimemweleza Mzee Kwandu yote, kama ulivyonieleza. Kacheka mpaka kakohoa. Anasema kadai mahari za mabinti wote wa ukoo wake, na hajapata kuona mdai mwenye akili kama Serikali. Jovina anarudi Jumapili, kwa sharti moja: na yule ng'ombe akatwe hukohuko kwako, kidogo kidogo kila mwezi. Kwa hiyo hayo niliyoandika juu yaache, mama. Kata ya Serikali, kata na ya mkwe, na kata kabla sijaziona. Nikiziona tu, Jovina simwoni.