Viboko Stars Haijawahi Kufungwa

Ndugu Mgeni Rasmi, ambaye hakufika na kwa hiyo namwakilisha mimi mwenyewe na kujikaribisha kwa heshima zote. Waheshimiwa viongozi mliopo, mliokaribia kuwepo na mliotuma salamu. Wazee wetu, viongozi wa dini, wakuu wa idara zote zenye wakuu na zile ambazo bado zinasubiri. Wananchi wa Shanwe mliotupatia eneo hili la mkutano. Akina mama wa Misunkumilo, ambao naona mmekuja na magunia kwenye shughuli ya michezo, lakini hilo tutalizungumza. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Karani wa mzungumzaji, Celestin, ndiye aliyeanza kupiga.)

Kwa wale wasionifahamu, kama wapo, mimi ni Melkiadi Ngolo, Mwenyekiti wa Muda wa Kamati ya Maandalizi ya Kikosi cha Magharibi cha Timu ya Taifa ya Wanawake ya Mpira wa Kikapu, maarufu kama Viboko Stars. Muda wenyewe sasa unaingia mwaka wa sita. (Vicheko.) Jina la Viboko nililibuni mimi, kwa sababu kiboko ni mnyama wetu wa Katavi, ana nguvu, ana heshima zake na hasukumwi ovyo. Najua wachezaji mlilalamika. (Sauti ya msichana: "Sisi tulitaka Twiga!") Twiga, binti yangu, ni wa taifa zima, na mchakato wa kumwomba ni mrefu.

Nianze na rekodi ya kimataifa, maana ndiyo iliyotukusanya. Tangu Viboko Stars ianzishwe mpaka leo hii, Mei 1998, hakuna timu ya nje iliyowahi kuifunga. Wazambia hawajatufunga. Wakenya, pamoja na maringo yao yote, hawajatufunga. Misri, Senegali, hata Marekani kwenyewe ambako mchezo huu ulizaliwa, mpaka nazungumza hapa hawajapata pointi hata moja mbele yetu. Kitaalamu hiyo ni asilimia mia moja ya kutofungwa, na kati ya hiyo asilimia sabini, kwa tathmini niliyoifanya mwenyewe bila upendeleo, ni mchango wangu binafsi. (Sauti kutoka nyuma: "Walicheza wapi?") Swali la wapi, ndugu yangu, ni swali la kiutendaji, na mimi hapa naongelea sera.

Safari ya Lusaka mnaikumbuka. Timu ilikuwa iondoke kwa treni ya Kaliua, ifike Tabora, iunganishe. Lakini kamati ilikaa ikaona kwamba wachezaji wote wangechoka sana njiani, ikaonekana ni busara achoke mtu mmoja. Nilichoka mimi. Nilikaa Lusaka nikisoma stratejia ya wapinzani wetu, nikala chakula chao ili nijue nguvu zao zinatoka wapi, na niliporudi nikawaambia mabinti zangu neno moja tu: hawa watu wanafungika. (Makofi machache. Mtu anakohoa kwa makusudi.)

Na wachezaji tunao! Nyanzala, hebu simama. (Nyanzala binti Makoye, aliyekuja na lori la mpunga kutoka Usevya, anasimama. Inachukua muda kumaliza kusimama.) Mnaona wenyewe! Urefu ule si mali ya Makoye tena, ni rasilimali ya taifa. (Nyanzala: "Mheshimiwa, mimi huo mpira sijawahi kuushika hata siku moja. Nauona kwenye kalenda.") Asante, kaa. Hayo ndiyo tunayaita maandalizi ya kinadharia. Kuna na Odeta pale, yeye ana uzoefu wa kimataifa, maana wazazi wake walitoka Burundi. (Odeta: "Mimi nimezaliwa Katumba hapo, Mheshimiwa!") Unyenyekevu, mabibi na mabwana! Huo ndio unyenyekevu wa mchezaji mkubwa.

Sasa nije kwenye infrastrakcha. Miaka mitatu iliyopita akina mama wa Misunkumilo, mkiongozwa na Mama Theopista, mlitoa shamba lenu la bondeni, lile zuri kuliko yote, ili pajengwe Uwanja wa Kimataifa wa Kikapu. Siku ile, hapahapa, mbele ya watu wote, ni mimi niliyetamka kwa kinywa changu: kuanzia leo shamba ni la timu, na kila kitakachoota ndani yake ni cha timu. Nilisisitiza hivyo kwa kuwa mlikuwa na mihogo yenu mle na mlitaka kwenda kuing'oa. (Mama Theopista: "Ukaila wewe.") Niliihifadhi, mama. Na wewe ukajibu kwamba sawa, ila siku timu isipokuwepo shamba litarudi kwenu. Nikakubali palepale, maana mimi si mtu wa mizozo.

Kuna maneno mitaani kwamba uwanja haupo. Uwanja ulikuwa uanze feisi ya kwanza mwaka jana, ikaja El Niño. Mvua ile iling'oa reli, ikabeba madaraja, nyie wenyewe mliona. Sasa mlitaka iuache uwanja? Iliubeba ukiwa bado kwenye mawazo, na hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi, kwa sababu kitu kilichoko kwenye mawazo huwezi kwenda kukiokota kwa jirani. (Vicheko virefu. Celestin anawaomba watu watulie.)

Maneno mengine yanasema pale kuna mahindi. Sikatai. Mahindi yapo, na yamepandwa kitaalamu. Mpinzani wetu wa kimataifa ni mrefu, hatikisiki na amejipanga kwa mistari. Je, hindi lililokomaa likoje? Hivyohivyo! Mabinti hawa walipokuwa wanapalilia walikuwa wanajifunza kupenya difensi ya Misri. Walipokuwa wanabeba mbolea walikuwa wanajenga mabega. Na walipokuwa wanafukuza ngedere, basi hiyo ni pumzi, hiyo ni mbio, hiyo ni kila kitu. (Odeta: "Tulikuja na ngoma, tukalima kwa zamu kama tunavyolimiana nyumbani. Ukasema tukimaliza tunapewa mpira!") Na mpira utakuja, Odeta, mpira uko njiani.

(Mama Theopista anasimama bila kupewa nafasi. "Mheshimiwa, mimi nina hasira, sitakuficha. Misimu mitatu tunalima vibarua kwa watu na shamba letu tunaliangalia hivi. Watoto wanatuuliza. Naomba ujibu kitu kimoja tu: timu ipo au haipo?")

Mama yangu, swali gani hilo mbele ya wageni? Timu ipo! Tena iko hai kuliko wakati wowote, na atakayesema haipo ni mpinga maendeleo. Viboko juu! (Umati: "Juu!")

(Mama Theopista: "Na kila kilichoota mle ni cha timu, kama ulivyotamka?")

Kwa mujibu wa tamko langu mwenyewe, ambalo silibadilishi, ndiyo.

(Mama Theopista: "Haya. Nyanzala, Odeta, mmesikia. Mahindi yenu yamekauka vizuri, twende tukayavune." Wachezaji wanasimama wote kwa pamoja. Akina mama wanakunjua magunia. Mtu anaanza kupiga ngoma ya kazi.)

Jamani, tukae chini. Hotuba haijaisha, bado kuna kurasa. Nyanzala, binti yangu, mchezaji wa kimataifa havuni! Celestin, wazuie pale njiani. (Celestin anajaribu kumzuia Nyanzala, kisha anasogea pembeni.) Akina mama, sikilizeni, yale mahindi yana mnunuzi tayari, gari linakuja kesho! Celestin, ongeza sauti ya spika. Zaidi. Mpaka mwisho.

Wananchi, nawatangazia rasmi, ili kila mtu asikie na asije akasema hakuambiwa: pale bondeni hakuna kitu cha timu, kwa sababu hakuna timu! Dar es Salaam hawatujui. Kamati ni mimi na Celestin. Lusaka nilikwenda kwenye harusi ya shemeji yangu. Uwanja haujawahi kuwepo, hata kwenye mawazo, na mpira wenyewe sijawahi kuununua wala kuuagiza. Yale ni mahindi yangu mimi, Melkiadi Ngolo, nimeyapanda mimi! (Ngoma imesimama.)

(Mama Theopista, taratibu: "Umeyapanda wewe?" Odeta: "Mikono yangu hii ndiyo imepanda." Mama Theopista: "Acha, Odeta. Ametupa kitu kikubwa kuliko mahindi. Mmesikia nyie wote wa Shanwe? Timu haipo. Basi shamba letu limerudi, na vilivyomo tumevilima sisi." Umati unapiga kelele, vigelegele, na ngoma inaanza upya. Watu wanashika njia ya Misunkumilo. Nyanzala anaonekana kwa mbali juu ya vichwa vyote, gunia begani.)

Kwa kumalizia, basi. Nawashukuru akina mama kwa shamba lenye rutuba, nawashukuru wachezaji kwa nidhamu na kwa palizi ya kiwango cha juu, nawashukuru wageni wote mlioendelea kukaa. (Amebaki mzee mmoja, amesinzia.) Namshukuru karani wangu, Celestin. Celestin? (Celestin ameonekana njiani na wenzake, kabeba gunia tupu.)

Rekodi yetu, hata hivyo, itabaki palepale: timu ambayo haipo haiwezi kufungwa na mtu yeyote. Viboko juu! Kikapu juu! (Kutoka bondeni, ngoma na sauti za wasichana wanaovuna.) Asanteni sana kwa kunisikiliza. Naomba mtu anisaidie kubeba spika.