Kumwogesha Bi Mkubwa Kuanzia Chini

Jumamosi, 6 Juni

Nimedhalilishwa na fundi. Mbele ya watu! Nilimpelekea gari alitazame kabla ya ukaguzi wa Ijumaa. Akainama, akachungulia chini, akaruka nyuma kama mtu aliyeona maiti. Kisha akasema yeye ni fundi wa magari, si mkulima. Lile shamba nililolibeba chini nikalivune kwanza, ndipo nirudi. Gereji nzima ikacheka. Hata mteja mmoja ambaye gari lake lilifika pale kwa kuvutwa na kamba, naye alicheka.

Sawa, kuna tope kidogo. Gari lina miaka ishirini na sita, na tangu nilinunue sijawahi kulitazama kwa chini. Nani hutazama chini? Mimi ni karani wa masjala. Miaka kumi na tisa natunza mafaili, na sijawahi kulipindua kabati nione lina nini matakoni.

Fundi akasema kuna watu wenye shimo na mashine ya maji ya nguvu, wataliosha nusu saa tu. Nikamwambia maji ninayo nyumbani, na mikono ninayo. Akaitazama mikono yangu. Sikupenda alivyoitazama.

Mke wangu hakucheka. Yeye ni muuguzi na wiki hii yuko zamu ya mchana, kwa hiyo hana muda wa maneno mengi. Amesema Bi Mkubwa akikataliwa Ijumaa, Jumamosi anamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Amechoka kusukuma. Bi Mkubwa ni jina nililompa gari. Siku nilipompa, mke wangu aliuliza kama basi yeye ni bi mdogo. Bado anasubiri jibu.

Kesho naanza. Nusu saa, amesema fundi? Mimi dakika ishirini.

Jumapili, 7 Juni

Kabla ya kwenda kazini mke wangu alitoa amri: marufuku kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki. Watu wa namna hiyo huwapokea yeye wodini, na wengine hawapokei tena. Mimi ni mtu wa kutii. Jeki sikuigusa.

Nilitumia mbao za rafu za stoo. Nilizipanga kama ngazi, mbili mbili, mbele ya kila gurudumu. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ambaye goti lake halimruhusu kwenda mbali na kiti cha barazani, aliuliza kwa upole, "Baba, hilo gari linapanda kwenda wapi?" Nikamwambia atulie aone elimu.

Bi Mkubwa alipanda! Gurudumu la kulia likapanda, la kushoto likapanda. Nikazima injini, nikashuka nipige picha ya kumwonyesha fundi. Kraa! Ubao mmoja. Kraa! Wa pili. Bi Mkubwa akashuka kwa kishindo, akatulia pale pale alipoanzia, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye picha vinaonekana vumbi na kidole changu.

Jirani alikuwa kwenye ua akitazama. Huyu ni dereva wa mkurugenzi fulani. Mimi namwita Kioo, maana gari la bosi wake analisugua mpaka mtu unaweza kulitumia kunyolea ndevu. Akaniuliza kama nahitaji msaada. Msaada! Nikamjibu kazi inaendelea vizuri. Kusugua juu kila mtu anaweza. Nyani haoni kundule. Huyo bwana ameshawahi kuliona gari lake kwa chini?

Jioni mke wangu akafungua stoo akakuta sukari, maharage na sabuni vimekaa sakafuni kama abiria waliokosa basi. 

Jumatatu, 8 Juni

Asubuhi niliamka na wazo. Nimeshangaa kwa nini wenye magari wote duniani hawalijui.

Tunacho kile kidude cha kumwagilia bustani, kinachozunguka na kurusha maji pande zote. Nikakisukuma katikati ya uvungu wa Bi Mkubwa, nikakiunga na mpira, nikafungua bomba, nikaenda ofisini. Yaani gari linaoga nami nimekaa mezani napanga mafaili! Simu niliiweka kwenye droo, maana mkuu wetu hapendi simu. Siku nzima nilikuwa natabasamu peke yangu.

Jioni nilipoitoa simu nikakuta mama mkwe amenipigia mara kumi na nne.

Tope la chini halikutoka hata punje. Maji yalilipapasa tu yakapita. Lakini yalipita na tope la ardhini, yakarukia kati ya magurudumu, yakavuka ua, yakaenda kwa Kioo. Gari la mkurugenzi lilikuwa limegeuka rangi. Mashati matatu meupe ya Kioo, yale ya kazini, yalikuwa yananing'inia kambani na madoadoa kama chui. Uwanja wetu ulikuwa bwawa na Bi Mkubwa amezama mpaka nusu ya matairi. Mama mkwe alikuwa amepiga kelele dirishani mpaka sauti ikakauka. Bomba liko ng'ambo ya bwawa, na kwa goti lile angelivukaje?

Kioo alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimeandaa ya kujibu. Akasema tu, "Jirani, mimi nilioga asubuhi. Gari la bosi lilioga. Hayo mashati yalioga. Wewe bado tu?"

Kisha akavua viatu, akaingia kwenye bwawa, akalisukuma gari pamoja nami mpaka likatoka. Halafu akaniletea ngazi mbili za chuma za kupandishia gari. Kumbe anazo. Kumbe kila Ijumaa huliosha la bosi kwa chini! Akanionyesha namna ya kuyazuia magurudumu kwa mawe na kuvuta breki ya mkono. Hakunicheka hata kidogo. Mtu akikusaidia bila kukucheka, unamfanyaje? Hasira zangu zote nimelala nazo.

Jumatano, 10 Juni

Nimepata ruhusa ya siku tatu, hadi Ijumaa. Nilimwambia mkuu kwamba Bi Mkubwa yuko katika hali mbaya na Ijumaa ana vipimo. Si uongo. Akanipa pole sana. Masjala nzima wameandika kadi ya kumtakia afya njema. Nimeiweka chini ya godoro.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimevaa miwani ya kuogelea na kofia ya plastiki ya mke wangu ya bafuni, nikalala juu ya katoni, patasi mkono mmoja, nyundo mkono mwingine. Ngazi za Kioo zilikaa imara. Inaniuma kuandika hivyo.

Tope la miaka ishirini na sita si tope, ni nchi. Kuna tabaka jekundu, jeusi, la kijivu, na tabaka moja lenye harufu ambayo sikutaka kuifahamu. Lilidondoka kwa mabamba. Liliingia masikioni, shingoni, mdomoni kila nilipofungua mdomo kulitukana. Mama mkwe alileta kiti karibu akawa ananihesabia mabamba. Alipofika sitini akapumzika.

Mchana nikageuza gari, nikapandisha upande wa nyuma. Na hapo, nyuma ya kiti cha dereva, kulikuwa na bamba moja gumu kuliko matofali. Nililipiga robo saa. Mwisho likaanguka zima zima, kubwa kama sinia. Na nyuma yake, sikuamini macho yangu! Hapakuwa na bati. Palikuwa na kitu cha buluu, laini, kama kitambaa. Sikujua kabisa kwamba magari ya zamani yaliwekewa bitana kwa chini. Ndiyo kazi ya watu wa zamani! Siku hizi wapi?

Nikaisuuza ile bitana kwa uangalifu mkubwa, nikaipiga brashi.

Saa kumi na moja Bi Mkubwa alikuwa safi. Nilimwita Kioo aje kuona. Akalala chali, akaingia, akakaa muda. Alipotoka alianza kusema kuna mahali pamoja hapamfurahishi, upande wa nyuma. Nikamkatiza. Wivu, mtu mzima yule!

Alhamisi, 11 Juni

Siku ya kliniki ya mama mkwe. Alikaa kiti cha nyuma, mguu ameunyoosha, amevaa viatu vyake vizuri vyeusi. Nikaendesha kwa fahari. Gari safi hata mlio wake ni mwingine.

Tulipofika barabara kuu akasema, "Baba, huku chini kuna upepo." Nikamweleza kwamba gari sasa linapumua.

Tukapita kwenye dimbwi. Akapiga yowe. Nikamweleza kwamba ni maji kidogo tu.

Tukaruka tuta. Yowe la pili halikuwa kama la kwanza. "Simama! Simama! Kiatu changu!" Nikatazama kwenye kioo cha nyuma. Katikati ya barabara, mbali, kiatu cheusi kimekaa wima peke yake kama kinachosubiri kuvuka.

Nilisimamisha gari, nikageuka. Miguuni pa mama mkwe palikuwa na kapeti ya buluu iliyochanika, na chini ya kapeti palikuwa na barabara. Barabara yenyewe! Niliona hadi mstari mweupe.

Yaani sakafu ilishakwisha, sijui tangu mwaka gani. Miaka yote hiyo familia yangu ilikuwa imebebwa na tope.

 Nikakimbilia kiatu, lakini lori lilinitangulia. Nilikirudisha kikiwa bapa kama bahasha. Nikamvalisha mama mkwe changu, ambacho miguu yake miwili ingeenea humo, akakalia upande wa pili, na tukaingia kliniki yeye na viatu viwili tofauti, mimi na kimoja. Mpokezi aliuliza mgonjwa ni nani kati yetu.

Kwenye benchi nikaanza kuomba radhi. Nikamwambia mwanawe ana haki, kesho kutwa gari liende kwenye chakavu. Mguu wake ungeweza kupita pale badala ya kiatu. 

 Mama mkwe akasema siku sita za juma yeye hutazama ukuta ule ule. "Teksi itanileta hapa na kunirudisha, basi. Wewe hunizungusha. Unapotea njia, unasimama kununua vitu visivyo na maana, unagombana na watu wa maegesho. Nafika nyumbani nina la kusimulia." Akalipapasa goti lake. "Gari lisiuzwe. Lakini tukitoka hapa, moja kwa moja kwa fundi. Na mwanangu, usilishike tena mwenyewe."

Nikaapa. Tulipoitwa ndani bado nilikuwa napangusa macho. Vumbi la jana, nadhani.

Fundi aliingia chini ya gari, na safari hii akatoka na uso mwingine. Akaniita nijionee. Bomba la breki, lililokuwa limezikwa humo kwenye tope, limeliwa na kutu mpaka limebaki jembamba kama ngozi ya kitunguu. Akasema kwa tope lile hakuna macho ambayo yangeliona. Wiki kadhaa zaidi, kwenye mteremko wowote, ningekanyaga breki na kukuta hewa. Hakutania, wala hakuna aliyecheka.

Ameweka bomba jipya. Amechomelea bati jipya sakafuni. Nimekaa hapo mpaka jioni, mguu mmoja peku.

Ijumaa, 12 Juni

AMEPITA! Mkaguzi alitembea na tochi chini kote, akagonga hapa, akavuta pale. Akauliza nani aliyeliosha. Nikasema ni mimi. Akasema, "Umejitahidi." Maneno hayo nimemwomba ayarudie ili mke wangu ayasikie kwenye simu. Amekataa.

Mke wangu amesikia kisa chote, kwa sababu mama na binti hawafichani kitu, hata walipoahidi. Nilisubiri radi. Akaja akakaa karibu nami, akanishika mkono wenye malengelenge, akaupaka dawa. Akasema amewaza siku nzima kuhusu lile bomba la breki. Habari ya chuma chakavu ameifuta. Anachoomba ni kimoja tu: kuanzia leo, kazi ya gari ni ya fundi. Nikaapa mara ya pili kwa siku mbili. Nilimaanisha, kila neno.

Nimemrudishia Kioo ngazi zake, nikamshukuru. Aliuliza kama ile sehemu ya nyuma imetazamwa. Nikasema niliigundua mwenyewe.

Jumamosi, 13 Juni

Mke wangu kazini. Mama mkwe amesinzia barazani. Nimefungua boneti, kwa kutazama tu.

Aibu! Injini imejaa mafuta meusi, vumbi, majani, na kitu kama kiota. Miaka ishirini na sita! Ikiwa chini kulikuwa kumejificha bomba la breki, huku kumejificha nini? Mtu mwenye familia anaweza kweli kuliona jambo hili akafunga boneti, akaenda zake?

Nimempigia fundi, maana niliapa. Nikamwuliza kwa adabu kuhusu kuiosha injini. Akasema usithubutu. Akasema kuna nyaya. Akasema mara tatu nimngoje Jumatatu. Nimemwelewa vizuri sana: tangu mkaguzi anisifu, jamaa anaogopa ushindani.

Na kiapo kilihusu kazi ya gari. Kuosha si kazi ya gari. Kuosha ni usafi.

Maji ya baridi hayawezi mafuta, hilo hata mtoto anajua. Sufuria zote nne ziko jikoni na zimeshachemka. Nafunga daftari hili na kulipeleka chumbani, juu ya kabati, lisije likapatwa na mvuke. Vitu vingine vikilowa haviponi.