Gari Lililolazwa Barafuni

Cheti alikuwa amekaa kwa mziba pancha, na hakuwa na gari, wala baiskeli, wala hata toroli. Alifuata benchi. Kwenye benchi lile hukaa watu wenye shida, na mtu mwenye shida hana muda wa kusoma maandishi madogo. Waliompa jina la Cheti hawakukosea. Ukimwambia jino linakuuma, ana cheti cha meno. Ukimwambia ukuta wako umepasuka, ana cheti cha kuta. Vyote viliandikwa kwa mwandiko mmoja, na vyote vilipigwa muhuri wa bwawa la kuogelea lililofungwa zamani.

Asubuhi hiyo likaja lori tambarare, na juu yake limefungwa mikanda gari dogo jekundu la viti viwili, fupi kiasi kwamba mtu mwenye miguu mirefu angeweza kuliruka. Akashuka bwana aliyetanguliwa na manukato yake, akapanda juu ya lori, akaanza kulifuta gari vumbi kwa leso yake mwenyewe, taratibu, kama mama anayemfuta mtoto makamasi. Cheti akakaa wima.

"Kaka, linaumwa?" akauliza.

Bwana Manukato akashusha pumzi. Akaeleza kwamba hilo ni gari la mbio lenye supachaja, ile pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini kwa nguvu, na kwamba Jumamosi atashindana na shemeji yake, kaka wa mkewe, mbele ya ukoo mzima. Tatizo, jua likiwaka gari linakuwa zito. Akishindwa, alisema, hatakuwa na uso wa kukaa tena mezani kwa wakwe.

Hapa tumtendee haki Cheti. Elimu ya magari alikuwa nayo: ukurasa mmoja. Ulikuwa umefungiwa kipande cha sabuni, akausoma kabla ya kuoga, na uliishia kwenye maneno "hata hivyo". Lakini kutoka juu mpaka hapo kwenye "hata hivyo", aliujua kwa moyo.

"Umewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono?" akamuuliza. "Ukimaliza, pampu inakuwaje?"

"Ya moto."

"Basi. Hewa ukiishindilia inapata moto. Ikipata moto inavimba, inakuwa nyepesi kama ahadi za mgombea. Injini inameza tonge kubwa, haishibi. Ipoze hiyo hewa kabla haijaingia: inajikusanya, inakuwa nzito, injini inashiba, gari linaruka. Gari lako haliumwi, kaka. Lina njaa."

Msomaji anayejua magari atashangaa, maana yote hayo ni kweli. Cheti mwenyewe angelijua hilo angeona haya, kwani kusema kweli hakukuwa desturi yake. Dawa ndiyo aliyoitunga. Gari lingelazwa siku tatu ndani ya chumba cha barafu, alisema, mpaka vyuma vyake vizoee baridi. Tangu hapo hewa yoyote itakayopita mle itapoa yenyewe, kwa woga tu.

Bwana Manukato akafikiri, kisha akaweka mkono juu ya boneti. "Nifungue uitazame kwanza?"

Cheti akainuka upesi. Chini ya ile boneti kulikuwa na vitu ambavyo ule ukurasa haukuvichora. Akiambiwa aonyeshe supachaja, angeonyesha betri.

"Usifungue," akasema. "Wala usiliwashe tena mpaka nikuambie. Kwa jua hili, joto lote litakimbilia ndani."

Mwenzake akaondoa mkono upesi, akamshukuru mpaka macho yakamlenga machozi. Ni nadra kuona watu wawili wakikubaliana haraka namna hiyo kwenye jambo la kitaalamu.

Chumba cha barafu kilikuwa cha dada yake Cheti. Kilikuwa uani kwake, kuta za bati mbili mbili zilizojazwa maranda katikati, na kwenye pembe ulikaa mtambo wa kijani wa kugandisha maji, ukikoroma mchana kutwa. Mtambo huo ulikuwa umesomesha watoto watatu wa dada, umelipa kodi ya nyumba, na umemlisha Cheti tangu biashara ya kuta ilipomwangukia. Siku moja kabla, dada alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza shangazi yao. Alimwachia mdogo wake funguo huku vidole vyake vikikataa kuziachia.

"Hii ni mara ya mwisho kukuamini," alimwambia. "Nikirudi nikute mtambo unafanya kazi. Ukiniharibia na hili, sina mdogo."

Na Cheti, aliyekwisha kudanganya watu wa kila umri na kila kimo, alimpenda dada yake. Alimjibu ndiyo kwa moyo mweupe kabisa. Ubaya wa kitu cheupe ni kwamba hakichelewi kuchafuka.

Gari likashushwa, vioo vya pembeni vikakunjwa, wanaume wanne wakalisukuma ndani. Likaenda jepesi ajabu. Cheti akasema huo wepesi ni dalili nzuri. Akafunika boneti kwa magunia ya barafu, akachomeka kipimajoto cha homa kwenye wavu wa mbele, akakisoma, akatikisa kichwa.

"Thelathini na tisa," akasema. "Tumewahi."

Bwana Manukato akauliza saa za kumwona mgonjwa. Akajibiwa kwamba ni saa kumi jioni, watu wawili wawili, bila kupiga honi.

Moyoni Cheti alikuwa na mpango mwingine. Alimjua mama mmoja mnunuzi wa magari, mtu asiyependa kusumbua watu kwa maswali ya karatasi. Siku ya tatu asubuhi gari lingeuzwa, Bwana Manukato angekuta kufuli mlangoni, na dada, Cheti alijiahidi, angenunuliwa mtambo wa pili. Tapeli mzuri huanza kwa kujitapeli mwenyewe, ili mkono uzoee.

Lakini mwenye gari alikuwa bado amesimama mlangoni, akikunja leso yake.

"Fundi, mimi sina shaka nawe," akasema. "Shaka ni ya mke wangu. Ataniuliza, gari letu limelala kwa watu, je, cha kwao kimelala wapi? Nipe kitu chochote cha rehani nikamwonyeshe." Macho yake yakatembea chumbani, yakapita ndoo, yakapita koleo, yakatua pembeni. "Hata hilo dude linalokoroma."

Cheti akapima. Gari moja kama lile lingezaa mitambo kumi. Barafu iliyokuwemo ingetosha siku tatu. Akamkumbuka dada yake, kitu kikamchoma chini ya mbavu, akajiambia ni baridi ya mle chumbani. Wale wale wanaume wanne wakaubeba mtambo mpaka kwenye lori, na huo haukuwa mwepesi hata kidogo.

Siku ya pili sifa zilikuwa zimeenea mtaa mzima. Fundi cherehani alikuja kuuliza kama cherehani yake nayo inaweza kulazwa, maana ikifika alasiri inachoka. Akapangiwa kitanda. Bwana Manukato peke yake ndiye hakuja kumwona mgonjwa wake. Cheti akamhurumia: huenda hakuweza kuvumilia kuliona gari lake katika hali ile.

Siku ya tatu asubuhi akaja mama mnunuzi. Alikuwa mnene, mpole wa kutisha, na kalamu sikioni. Akalizunguka gari mara moja, akagonga tairi kwa kiatu.

"Fungua boneti."

Cheti akaanza habari ya joto kukimbilia ndani. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, kisha akaondoa magunia na kuifungua mwenyewe.

Wakainama wote wawili. Chini waliona sakafu, na kandambili moja iliyotota maji. Hapakuwa na supachaja. Hapakuwa na betri ya kuonyesha badala ya supachaja. Hapakuwa na injini, wala mahali palipoonyesha kwamba iliwahi kuwepo ikaondoka kwa kuaga.

Mama akaingiza mkono mle ndani, akaupungapunga kidogo.

"Hewa ipo," akasema. "Na imepoa kweli. Kazi yako nzuri, fundi."

Akaenda zake. Mabega yake yalikuwa yakitikisika mpaka alipokata kona.

Cheti akakimbia hadi kwa mziba pancha. Mziba pancha hakuinua hata uso kutoka kwenye beseni lake la maji. Akamwambia kwamba yule bwana alikuwa akizunguka na lile gari tangu mwezi uliopita, na kila anaposimama swali lake ni moja: ni wapi atampata fundi hodari wa kuongea. "Nikamwambia aje hapa kwenye benchi letu," akasema. "Nilidhani nakutafutia kazi."

Saa sita mchana dada akarudi, mkoba ungali begani. Akasimama mlangoni pa chumba. Pale pembeni palikuwa na alama nne za miguu ya mtambo sakafuni, na ukimya. Cheti akamsimulia yote. Ilikuwa mara yake ya kwanza kueleza jambo bila kuliongezea kitu, nalo likatoka fupi sana.

Dada hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia taratibu, na Cheti akatamani apigwe, atukanwe, afanyiwe lolote isipokuwa kile kilio. Aliona aibu ambayo hakuwa na cheti chake. "Dada, nisamehe," akasema.

Dada akajifuta uso, akatazama mabonge ya barafu yaliyobaki, yakiyeyuka.

"Wauza soda wananingoja," akasema. "Pakia."

"Nipakie wapi?"

"Kwenye gari."

"Dada, halina injini."

"Ndiyo maana lina nafasi. Ukimaliza, zunguka nyuma."

Tangu siku hiyo mji ulizoea kuliona. Dada alikuwa akinunua barafu kwa jumla kiwandani, mpaka hapo atakapopata mtambo mwingine, na kuisambaza kwa wateja wake ndani ya gari jekundu la mbio. Mabonge yalikaa mbele chini ya boneti, juu ya ubao, yakidondosha maji njia nzima. Dada alishika usukani, mgongo wima, na kwenye mataa alisimama kwa mujibu wa sheria. Nyuma, Cheti alisukuma, kichwa kikiwa chini na viatu vikiwa vimefunguka midomo.

Siku moja dereva wa teksi akasimama sambamba nao kwenye mataa, akalitazama gari kwa wivu usiofichika, akainama dirishani.

"Mama, chuma hicho kina nguvu za farasi wangapi?"

Dada akatazama kwenye kioo cha nyuma. Akatazama kwa muda mrefu, mpaka taa zikabadilika.

"Ni punda mmoja tu," akasema. "Mdogo wangu."