Ombi la Kuunganishwa Upya kwa Pikapu ya Marehemu Baba

Kwa Baba Mkubwa,
Mwenyekiti wa Kikao Kilichoigawa Pikapu,
Nyumbani kwako, chumba cha mbele.

Baba Mkubwa, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limetulia. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mke wangu, ambaye hasemi nami tangu Jumanne kwa sababu utakazozisoma hapa chini. Nimeona niandike badala ya kuja, kwa kuwa nikija huniwahi kwa chai, na nikishakunywa chai yako nashindwa kukulalamikia.

KUHUSU: PIKAPU MOJA ILIYOMO KATIKA NYUMBA SABA

Utakumbuka kuwa Baba alipofariki, miaka kumi na miwili iliyopita, aliacha pikapu moja na ndugu wengi. Utakumbuka pia kuwa wewe, ili tusije tukararuana, ulichukua chaki, ukaizunguka pikapu ile, na kuandika jina la mtu kwenye kila kipande. Watu walikusifu sana. Fundi akaifungua yote kwa spana, na kila mmoja akaondoka na urithi wake kwapani au kwenye toroli. Ni kweli hatujagombana hata siku moja. Ila gari hatuna.

Tangu nistaafu ukarani nimekuwa nikiifufua pikapu hiyo uani kwangu. Kichwa chake nilipewa na mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa akifugia bata ndani yake, na nakiri alikitoa kwa moyo mweupe, pamoja na bata wawili waliogoma kuhama. Nimekipiga msasa mpaka ncha za vidole zikawa laini kama za mtoto mchanga. Nimeziba matundu ya kutu kwa puti. Nimekipaka rangi ya kijani ile ile ya Baba, nikakisimamisha juu ya matofali mbele ya mlango wa jiko, kwa kuwa ndipo penye kivuli. Mke wangu akitaka kuingia jikoni hufungua mlango wa dereva, hupita ndani ya gari na sufuria yake, na kutokea upande wa kushoto, ambako kwa bahati nzuri hakuna mlango. Hiyo ndiyo Jumanne niliyoitaja.

Lakini kilichonishikisha kalamu si mke wangu, ni Mama. Mwezi uliopita alikuja na kigoda chake kunitazama nikipiga msasa. Baadaye akainuka, akaingiza kichwa dirishani, akatazama mbele kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hivi, mwanangu, ukikaa mbele panaonekanaje?"

Baba Mkubwa, mama yangu alipanda pikapu ile kwa miaka ishirini na sita, na yote aliipanda nyuma, juu ya magunia, amejifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Mbele alikaa Baba na usukani wake, na pembeni ya Baba alikaa mtu wa heshima. Mtu huyo sitamtaja kwa kuwa ndiye anayesoma barua hii. Niliona aibu, kwa kweli, maana na mimi sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Nikamwahidi kuwa nitamkalisha mbele na kumzungusha mji mzima kabla miguu yake haijamkatalia, na daktari ametuambia miguu hiyo haina subira.

Kwa ajili ya ahadi hiyo nimewazungukia ndugu wote kuomba vipande. Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Injini. Kaka yetu mkubwa ameifunga kwenye mashine ya kusaga nafaka, na mtaa wake wote unakula kwa injini ya Baba. Nilipoiomba alinionyesha foleni ya akina mama wenye ndoo, akaniambia niwaeleze mwenyewe. Sikuwaeleza. Badala yake alinishauri niilete pikapu kwake niifunge kwa mkanda mrefu wa mpira, niwe naendesha gari huku mashine ikisaga. Nilimuuliza huo mkanda utafika wapi. Akasema utafika hadi kwenye kona.

2. Kiti. Kiti kirefu cha mbele kipo sebuleni kwa Shangazi, kimevalishwa vitambaa vya kufuma, na nyuma yake ameweka maua ya plastiki. Shangazi anasema ndicho kiti pekee katika nyumba yake ambacho wageni hawakiachi mapema. Nilimwambia nitamletea kochi jipya. Akaniuliza kama kochi hilo limewahi kukaliwa na marehemu kaka yake, akaanza kulia, nami nikalia, tukamaliza mchana hivyo.

3. Mlango wa kushoto. Dada yetu muuguzi ameufanya mlango wa bafu. Una kioo cha kuzungusha kwa mkono, na mtu akiubamiza kwa nguvu kioo kinashuka chenyewe. Mkwe wake alipokuja kuwatembelea aliubamiza. Tangu siku hiyo hajarudi, na Dada anasema mlango wenye faida hiyo hautoi. Nilimpelekea mlango mpya wa mbao ili tubadilishane, akaushukuru, akautia chumbani, na ule wa Baba ukabaki pale pale.

4. Kioo kidogo cha ndani anacho binamu yangu kinyozi, ambaye huwaonyeshea wateja visogo vyao.

5. Honi. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu Mjomba hakuwa mrithi. Alikuja kutupa pole tu. Lakini ulipomwona amesimama peke yake mikono mitupu ulimwonea huruma, ukamwandikia honi. Sasa ni mlinzi wa shule, na honi ya Baba ndiyo kengele. Nilipofika kuiomba aliipiga ili nisikie kuwa bado nzima, na madarasa yote yakatoka nje. Mwalimu mkuu amenikataza kukanyaga pale.

6. Usukani. Usukani, Baba Mkubwa, unao wewe. Hukuuandika kwa chaki. Uliuchukua mwisho, ukasema mwenyekiti hawezi kurudi mikono mitupu, na leo umetundikwa ukutani kwako juu ya redio. Naambiwa ukiendesha vikao vya ukoo huushusha ukaushika, na mtu akizungumza sana huukata kulia. Naliandika hili kwa upole, nikikumbuka kuwa hujui kuendesha gari.

Ieleweke kwamba silalamiki kwa kukosa fungu langu. Mimi nilipata chasisi, yaani uti wa mgongo wa gari lenyewe, na nathubutu kusema kuwa katika ukoo huu mzima ni mimi peke yangu ambaye sikugeuza urithi wa Baba kuwa samani. Chasisi yangu ipo nyumbani, mahali pakavu, na haijaonja mvua tangu nilipokabidhiwa. Ipo stoo chini ya magunia. Nimeiacha iwe ya mwisho kwa sababu haina ugomvi na mtu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, uitishe kikao upya, uje na chaki na kitambaa cha kufutia. Ndugu wakikataa, basi watuazime vipande kwa Jumapili moja. Wakisema hawawezi kutengana na vipande vyao, waje navyo wenyewe: Shangazi akae kwenye kiti chake, Dada aushike mlango kwa mkono, Mjomba akimbie mbele akipiga honi, nasi tutakwenda polepole. Kaka mkubwa asaidie kusukuma, kwa kuwa injini itakuwa inasaga.

Hayo yote yakishindikana, linabaki ombi moja, na nimelipima kwa uzoefu wangu wa miaka thelathini na moja masjala. Mirathi hugawanywa mtu akishafariki. Naomba basi kikao chako kimtangaze Baba kuwa hai kwa wiki mbili. Sisemi afufuke, Baba Mkubwa, hilo halimo katika mamlaka yako. Nasema aandikwe kuwa amesafiri. Akiwa amesafiri urithi haupo, vipande vyote vinarudi kuwa gari lake, na mwanawe anaruhusiwa kulitumia. Wiki mbili zikiisha tutafiwa naye tena, kwa kifupi, bila kusumbua waombolezaji. Nimemuuliza Mama kama atakubali kutokuwa mjane kwa muda huo. Alifikiri kidogo, akasema anakubali, mradi asiambiwe apande nyuma.

Nakuomba ulitazame jambo hili kwa jicho la baba. Mimi si mtu wa makuu. Nataka mama yangu akae mbele mara moja.

Msalimie Mama Mkubwa, wasalimie wajukuu wote, msalimie na fundi aliyetufungulia pikapu ukimwona, ingawa angeweza kukataa. Mke wangu angekusalimu kama angekuwa anasema nami.

Ni mimi mwanao, mwenye heshima na grisi,
Mrithi wa Chasisi.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha hii. Nimeifungua kwa sababu mke wangu amesema nami. Niliisoma barua kwa sauti nikiwa sebuleni, na nilipofika kwenye chasisi yeye akainua mwiko, akaelekeza juu, akasema ipo pale. Nikamwambia ipo stoo. Tukaenda stoo, tukaondoa magunia, tukakuta mabomba ya choo. Tukarudi sebuleni, nikapanda juu ya meza, nikaisukuma dari, na chasisi ya Baba ikanitazama. Ndiyo iliyobeba paa langu. Niliiweka mwenyewe, mwaka ule nyumba ilipotaka kuanguka, dari ikaja mwaka uliofuata, nikasahau. Fundi wa nyumba anasema inaweza kutoka, lakini itatoka na bati zote. Naomba malalamiko namba moja hadi sita uyafute. Na Baba abaki alipo.

Nilikwenda kumwambia Mama. Alinisikiliza, akacheka mpaka akajifuta macho, akaniambia hakuwahi kudai kuzungushwa popote. Akachukua fimbo yake, akaenda kwa Shangazi kwa miguu ile ile, akamwambia anaomba kiti. Shangazi akakivua vitambaa vyote. Tukakileta kwa toroli.

Tangu asubuhi Mama amekaa mbele. Panaonekana kamba ya nguo, geti letu na barabara, na wapita njia wanamwamkia naye anawapungia mkono. Upande wa dereva upo wazi na amesema ubaki hivyo. Hataki kushuka. Chakula cha mchana amekula humo humo, na mke wangu, ambaye sasa hana njia ya kwenda jikoni, anazunguka nyumba nzima kwa furaha.

Ndugu wote wameshafika. Wamekaa nyuma, pale ambapo bodi ingekuwa, juu ya magunia ya stoo. Njoo na wewe, Baba Mkubwa. Usukani uache, hatuuhitaji. Gunia lako tumekuwekea.