Ombi la Kurudishiwa Ukungu wa Jumapili

Kwa Meneja wa Kampuni ya Intaneti,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mjane wa fundi saa, nyumba ya mwisho kabla ya mashine ya kusaga. Mwezi uliopita kijana wangu wa kwanza aliniwekea intaneti yenu ya kasi, ili kila Jumapili saa kumi jioni ukoo mzima tukutane kwenye kompyuta na kuonana vizuri. Tatizo ndilo hilo, tunaonana vizuri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi wenu alisema kamera inataka mwanga usoni, si mgongoni. Tukageuza meza, ikaziba mlango wa jikoni. Sasa chai yangu huzunguka nje ya nyumba na kufika imepoa.

2. Alisema pia kisanduku cha intaneti chenye taa kikae juu, mbali na vyuma na kuta. Meneja, mahali pa juu palipo mbali na kuta ni hewani. Tumekining'iniza darini kwa kamba ya chandarua. Mbu wanawashukuru.

3. Shangazi wa watoto anakaa mwendo wa siku mbili kwa basi. Jumapili ya kwanza tu akaniuliza mbele ya watu, "Mke wa kaka, huyo buibui hapo pembeni anakulipa kodi?" Mimi ninayeishi naye sikuwa nimemwona.

4. Ukoo wetu husalimiana kwa umri, mmoja mmoja, bila kumruka mtu. Zamani picha iliganda tukifika kwa mtu wa saba, tukacheka, tukaagana. Sasa haigandi. Juzi tumesalimiana watu thelathini na wanne, na hakuna aliyebaki na nguvu ya kutoa habari.

5. Hili ndilo kubwa. Katika picha ile ya ukungu ya intaneti ya zamani, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa mume wangu kabisa, bega moja chini, kichwa kimeinama. Picha ikiganda, wengine wakicheka, nilikuwa nikizima sauti yangu na kumweleza mambo ya wiki: bomba limeziba, jirani kajifungua, bado nalala upande wangu wa kitanda. Alinisikiliza dakika nzima bila kunikatiza, jambo ambalo marehemu mwenyewe hakuliweza. Sasa picha ni safi, na shemeji ni shemeji, na masharubu yake. Nimefiwa mara ya pili, safari hii kwa kasi ya megabiti hamsini.

Hivyo naomba fundi aje apunguze kasi, Jumapili saa kumi hadi kumi na moja tu. Kama haiwezekani, basi ukungu awekewe shemeji peke yake. Shangazi mwacheni aonekane, nami nina macho.

Wasalimie wote ofisini, hasa yule fundi mrefu aliyepanda darini asivunje kitu.

Mteja wenu mpole,
Mjane wa fundi saa

N.B. Nilichelewa kuituma barua hii, Jumapili ikapita. Mjukuu wangu, aliyezaliwa miezi miwili baada ya mazishi, ameota meno mawili ya juu. Alicheka akiwa karibu kabisa na kamera, nikaona katikati yake mwanya wa babu yake, mwembamba, umepinda kidogo kushoto. Hakuna mwingine aliyeugundua. Fundi asije. Au aje, lakini aongeze.