Yah: Ridhaa ya Sindano ya Mama Yangu, Iliyogeuka Posa Yangu

Kijiji cha Ujamaa Mikoroshini,
Njia ya Mlandizi.
Ijumaa, 17 Machi 1978.

Kwa Ndugu Leodegar, Bwana Afya wetu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na zikukute umeshakula. Sisi huku wazima, ukiondoa hayo nitakayokueleza.

Mimi ni Swaumu binti Mbaraka, mke wa Matano, nyumba ya tatu ukitoka duka la ushirika, yule uliyemkuta siku ile ana unga mpaka kwenye viwiko. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimesoma kisomo cha watu wazima mpaka nikapewa cheti, na mwalimu wetu alituambia kwamba mtu aliyekwisha kujua kuandika hana haki tena ya kunung'unika kisimani. Kwa hiyo sinung'uniki. Naandika.

Jambo lenyewe ni mama yangu mzazi, Bi Mwanaamina binti Shomari, ninayekaa naye. Umri wake hakuna aujuaye, ila Wajerumani walipoondoka alikuwa ameshaanza kubeba mtungi. Sasa kumbukumbu zimemtoka. Hazikutoka zote. Zimetoka kama kuku: nyingine jioni zinarudi kulala, nyingine ndiyo zimepotea moja kwa moja. Mimi ananiita Mboni, ambaye alikuwa dada yake na alishakufa zamani. Huu mwaka wa pili sijasikia jina langu kinywani mwake. Nimezoea. Akiita Mboni, naitika.

Ndugu Bwana Afya, kipindupindu kimetangazwa, na mama yangu anakunywa maji popote anapoyaona, hata ya bata. Kesho Jumamosi ndiyo siku ya mwisho ya sindano hapa kijijini. Nataka mama yangu achomwe asife. Lakini kwenye mkutano ulisema hivi, na nilikuwa nimekaa mbele kabisa: mzee aliyepotewa na kumbukumbu asichomwe mpaka aulizwe mwenyewe, kisha ndugu zake wakubaliane, na mkubwa wao atie dole gumba. Nilipiga makofi. Naomba sasa niyarudishe makofi yangu, kwa sababu hizi:

1. Ulikuja nyumbani Jumatatu ya wiki iliyopita kumuuliza mama kama anakubali. Nashukuru kwa kuja. Lakini ulikuja na watu wawili, mmevaa mashati ya kupigwa pasi, mkavua viatu, mkakaa kwenye mkeka, mkakohoa, mkauliza habari za mavuno kabla ya kutaja kilichowaleta. Ndugu yangu, wewe ni mtu wa bara, pengine kwenu ni vingine. Kwetu huku wanaume watatu wakija hivyo, wamekuja kuposa. Mama alikaa vizuri, akajifunika khanga yake, akauliza kijana mwenyewe yuko wapi. Wewe ukamwonyesha Ndugu Didas, yule kijana wako wa sindano, ukasema ndiye huyu atakayeifanya hiyo kazi. Mama akamshika Ndugu Didas mikono, akaigeuza, akasema ni laini, shamba hataliweza, lakini uso wake una heshima. Ukamuuliza, "Kwa hiyo, mama, unakubali?" Akajibu, "Mimi nimekubali, ila mwenye mtoto ni mjomba wake." Nawe ukaandika kwenye jalada: amekubali, aulizwe mjomba.

Nilitaka kusema neno. Lakini ndugu wawili wa serikali walikuwa wanaandika kwa wakati mmoja, nami kalamu zikienda huwa siingilii.

Tangu siku ile mama anaulizia Ndugu Didas kila asubuhi. Anauliza mbona mchumba haji kulima. Mimi nina miaka arobaini na kitu, watoto watano na mume. Mume mwenyewe siku ile alikuwa amekaa pale pale mlangoni anachonga mpini wa jembe.

2. Habari zikamfikia mjomba wangu, Mzee Mashaka bin Shomari, anayekaa Msimbu kule Kisarawe. Huyu ndiye kaka wa mama na ndiye mkubwa wa ukoo, kwa hiyo dole gumba ni lake kwa sindano na ni lake kwa posa. Alishuka kwenye basi na kanzu nyeupe, kofia ya viua na jogoo. Nikamkalisha, nikamweleza kwa utaratibu kwamba hakuna posa, kuna sindano. Akasema amenielewa vizuri sana. Kisha akamgeukia mume wangu, akamwuliza yeye ni nani katika shughuli hii. Matano akasema, "Mjomba, mimi ndiye mume wake." Mjomba akafikiri sana, akamwambia, "Basi nawe tutakufikiria."

Matano hajazungumza vizuri na mimi tangu siku hiyo. Anakula, lakini anakula kama mgeni.

3. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mjomba naye kumbukumbu zimemtoka. Hakuna aliyeniambia, maana kule Msimbu anakaa na watu wanaomwogopa. Tuliwaweka pamoja yeye na mama kwenye mkeka ili wakubaliane. Mama akasema, "Kaka, ukikubali wewe, nami nimekubali." Mjomba akasema, "Mimi nilishakubali zamani." Tukafurahi, nikaleta wino. Mjomba akatazama wino akauliza amekubali nini. Mama akasema hajui, yeye amemfuata kaka yake. Wakaanza upya. Walikubaliana mara nne mpaka adhuhuri, na kila mara kwa jambo tofauti. Mara moja walikubaliana kumwoza marehemu Mboni.

Sasa tazama sheria yako mwenyewe inavyokwenda. Mama hawezi kuchomwa mpaka mjomba atie dole. Mjomba, kwa kuwa naye ni mzee aliyepotewa na kumbukumbu, dole lake halifai mpaka ndugu zake wakubaliane na mkubwa wao amtilie. Katika ndugu waliobaki, anayemfuata kwa ukubwa ni mama yangu. Nimeuzunguka mduara huu siku tatu, Ndugu Bwana Afya, nikipika na nikilima, na sijauona mlango.

4. Kaka yangu Maneno ni mpiga pampu kwenye mitambo ya maji kule Ruvu. Nilimpelekea ujumbe aje akubali naye. Akajibu kwa maandishi kwamba kipindupindu kinakuja kwa maji machafu, na maji anasukuma yeye, kwa hiyo anayetaka kumchoma mama sindano anamtukana yeye kazini. Nikamjibu kwamba maji yake yanakwenda Dar es Salaam, sisi tunachota bwawani na bata. Akasema hilo si kosa la maji yake. Kwa hiyo huyu hajakubali, na anangoja nimwombe radhi.

5. Hili si lako moja kwa moja, lakini nalitia humu kwa kuwa wino upo. Juzi Jumatano, mvua ile kubwa ya asubuhi ilipokwisha, nilikuwa zamu yangu ya shamba la kijiji. Mama akatoka peke yake. Unamjua mama na foleni: akiona watu wamesimama mmoja nyuma ya mwenzake hawezi kupita, lazima aungane nao, kwa sababu mbele huenda pana sukari. Alikwenda kupanga foleni dukani. Alirudi mchana bila sukari. Analalamikia mikono yote miwili, na hakutaka niifunue khanga kuitazama. Nilipomwuliza amefanywa nini akasema, "Sukari hawana, wanafinya watu tu." Nimemkanda kwa maji ya chumvi, lakini usiku kucha alikuwa na joto. Naomba uwaulize watu wa duka la ushirika ni utaratibu gani huu wa kuwafinya wazee, tena mkono huu na huu, na kama sukari imekwisha si waseme kwa mdomo.

6. Yapo maneno yanayopita kijijini kwamba mimi mwenyewe sijachomwa kwa sababu naogopa sindano. Si kweli. Nangoja mama atangulie, kwa heshima ya umri. Ni kweli kwamba nilipokuwa na miaka saba walikuja watu wa kuchanja ndui nikajificha kihengeni, ndani ya nafaka, mama akanitoa kwa mguu. Lakini hiyo ilikuwa zamani, na kihenge kile kilishaliwa na mchwa.

Kwa hayo yote, Ndugu Bwana Afya, nina maombi yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia dogo.

Kwanza, mama akili zake zinakaa sawa asubuhi kidogo, akishakunywa uji na kabla jua halijafika kwenye mafiga. Naomba serikali imuulize wakati huo, na imchome wakati huo huo, bila kurudi ofisini kupiga muhuri.

Pili, naomba barua yenye muhuri inayosema kwamba Ndugu Didas hanitaki. Iandikwe kwa adabu, isomeke kwamba kosa si langu. Matano ataipigilia ukutani.

Tatu, naomba kaka yangu Maneno apewe hati ya sifa kwa usafi wa maji, hata kama ni ndogo, ili tupate dole lake.

Nne, na hili ndilo nimelifikiria zaidi: haya yote yakishindikana, basi lipigiwe kura. Uchaguzi wetu tunaujua na tumeuzoea. Alama ni zile zile: Jembe, achomwe. Nyumba, asichomwe. Kijiji kizima kipange mstari kesho asubuhi, sanduku liwekwe palipo wazi, na mama naye apige kura yake kwa kuwa ni raia. Najua huenda akapiga mara mbili kwa kusahau. Wahesabuji waihesabu moja. Nitakwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wachague Jembe, na wewe ukitaka kusimama upande wa Nyumba, simama, tutaheshimiana.

Kwa sababu mimi, Ndugu Bwana Afya, sina jingine. Huyu ni mama yangu. Jina langu amelisahau, sawa, lakini ni yeye aliyenipa. Siwezi kukaa nikingoja madole gumba huku anakunywa maji ya bata. Mtu asiyejua hata kama ameshakula hawezi kuachiwa aamue jambo kubwa kama hili. Lazima sisi wenye akili zetu tuamue kwa niaba yake. Hiyo ndiyo hoja yangu, na barua nzima imesimama juu yake.

Nisalimie mkeo na watoto. Msalimie Ndugu Didas, umwambie sina kinyongo naye na asipite njia ya kwetu mpaka Matano atulie. Msalimie karani wako na yule mpishi mwenye kikohozi. Mjomba Mashaka anakusalimu, bado yupo kwetu, hakumbuki alikuja kwa nini, na jogoo tumeshamla. Mama anakusalimu, anakuita mshenga.

Ni mimi mwananchi mwenzako katika kujenga taifa, na mikono yangu ina masizi, utanisamehe alama hizo pembeni,

Swaumu binti Mbaraka (cheti cha kisomo ninacho).

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeshaikunja. Nikachukua khanga ya mama kuifua, nikakuta pindo limefungwa fundo. Nikalifungua nikitegemea tumbaku yake. Mlikuwa na kadi mbili za sindano ya kipindupindu, za Jumatano. Nikaenda kuuliza kwa jirani. Kumbe kwa ajili ya ile mvua meza ya sindano mliihamishia kwenye baraza ya duka, na foleni ile haikuwa ya sukari.

Kadi ya kwanza imeandikwa Mwanaamina binti Shomari, mtu mzima. Sawa. Kadi ya pili imeandikwa Swaumu binti Mbaraka, umri miaka saba. Mwandiko ni wa Ndugu Didas. Ni kijana mtiifu, anaandika anachoambiwa, ila sijui alikuwa anatazama wapi. Jirani anasema mama alipomaliza mkono wa kwanza aliuzunguka mstari, akasimama tena nyuma, mtu asimwambie kitu.

Nikamwonyesha mama ile kadi. Nikamwuliza, huyu Swaumu ni nani. Akaitazama, akacheka kidogo, akaniambia polepole kama mtu anayeficha siri, "Huyo mwanangu. Mwoga wa sindano, kajificha kihengeni. Nimechomwa mimi badala yake. Usimwambie, Mboni, atalia."

Sikumwambia.

Kwa hiyo yafute yote niliyoandika juu, namba moja mpaka mwisho, na watu wa duka uwaombe radhi kwa niaba yangu. Kura isiitishwe. Ile barua ya Ndugu Didas bado naihitaji. Joto la mama limeshuka, na kesho asubuhi nakuja mwenyewe kuchomwa, kwa jina langu na kwa umri wangu wa kweli. Niwekee sindano moja, iwe nyembamba kama zipo. Nimemwomba mama anisindikize, akakubali, na mpaka sasa ameshasahau. Lakini nikimpa mkono ataushika.